Mahakama ya Uingereza ilipotaka kujua tunavyoishi Mbagala

Waliozoea kuja hapa kusoma habari za friji na viyoyozi wanisamehe, leo hakuna gesi wala kompresa. Juzi juzi mzee mmoja alinifuata dukani Tandika, simu mkononi, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli mimi ndiye niliyeletewa watoto wa dada yangu kutoka Ulaya. Binti yake yuko Uingereza, wajukuu wamechukuliwa na serikali ya kule, na yeye hajui aanzie wapi. Tulikaa nyuma ya duka mpaka adhana ya adhuhuri. Alipoondoka nikafikiri wako wengine wenye jambo hilo hilo wanaoona haya kuuliza.

Kuna ambayo sitayataja. Mashauri ya watoto kule husikilizwa faragha, na hairuhusiwi kutangaza yaliyosemwa ndani wala kumfanya mtoto atambulike. Kwa hiyo hapa hakuna majina, hakuna umri, hakuna mji. Yaliyompata dada yangu nyumbani kwake yatabaki kuwa yake. Nitasema tu kwamba alikaa na mwanaume ambaye hakupaswa kukaa naye, na watoto wakaona wasiyopaswa kuona.

Mtaani wanadhani wazungu wanajibebea tu watoto. Sivyo. Kule England halmashauri ikiona mtoto anapata madhara makubwa kwa malezi anayopewa, au yuko mbioni kuyapata, huenda mahakamani chini ya kifungu cha 31 cha Sheria ya Watoto ya mwaka 1989. Si kesi ya jinai. Mzazi hupewa mwanasheria bila kulipa, hata kama ana mshahara wake, na mtoto naye hupewa mtu wa kumsemea. (Scotland wana sheria zao, msije mkachanganya.) Hapo saa inaanza kuhesabu. Tangu 2014 sheria inataka shauri liishe ndani ya wiki 26. Hakimu anaweza kuongeza muda pale tu anapoona haki haitatendeka bila hivyo, na haongezi zaidi ya wiki 8 kwa mara moja.

Mtoto anaweza kurudishwa kwa mama. Anaweza kwenda kwa ndugu, na tangu mwisho wa 2005 kuna amri ya ulezi maalumu, ambayo humpa ndugu mamlaka ya kulea mpaka mtoto afikishe miaka 18, bila kumfuta mama kuwa mama. Anaweza kubaki kwa walezi wa halmashauri. Na anaweza kuasiliwa na familia asiyoijua, hata kama mama anakataa. Hilo la mwisho ndilo lililonikosesha usingizi. Mahakama yao ya Juu ilisema mwaka 2013 kwamba njia hiyo ni ya pale tu ambapo hakuna nyingine itakayofaa. Maana yake ndugu lazima waangaliwe. Lakini ndugu wataangaliwaje kama hakuna aliyewataja?

Hapo ndipo penye kidonda. Dada aliulizwa tangu mwanzo: una ndugu gani wanaoweza kulea hawa watoto? Akamtaja rafiki yake wa kazini. Sisi hakututaja. Kwetu alikuwa anapiga simu kila Ijumaa kama kawaida. Tukiomba kuwasalimia watoto, wamelala, au wako kwa rafiki, au simu inakaribia kuzima. Mke wangu alihisi mapema kuliko mimi. Mimi nilikuwa naona mtoto wa Ulaya ana haki ya kulala saa yoyote.

Simlaumu kama watu wanavyotaka nimlaumu. Aliondoka hapa tumemsindikiza uwanja wa ndege gari mbili, akawa anatuma ada za watoto wa ukoo mzima. Mtu wa namna hiyo atampigia nani aseme "nimenyang'anywa watoto"? Ila aibu ile ilikula wiki. Mteja huniletea friji akiapa kwamba imegoma jana jioni, nikiifungua nakuta gesi imekuwa ikivuja mwezi mzima, ila mwenyewe alikuwa anaifunika funika. Nilipojua habari za dada, kati ya zile wiki 26 zilikuwa zimebaki za kuhesabu kwa vidole.

Na hatukujulishwa na dada. Aliyetutaja ni mtoto mkubwa. Siku moja alimwambia afisa wake wa ustawi wa jamii wa kule kwamba ana mjomba Dar es Salaam anayetengeneza friji na kuandika habari za friji kwenye mtandao. Yule afisa akatafuta, akafika ukurasa huu huu mnaousoma. Namba iliyoko hapo juu, ile ya kumwitia fundi, ndiyo aliyoipiga. Nilidhani ni mteja wa Masaki.

Simu ya kwanza ilikuwa ya watu watatu: yeye, mimi, na mkalimani katikati. Wao huiita tathmini ya awali, ni ya kuona kama kuna haja ya kuendelea. Unaishi wapi, na nani, una kazi gani, afya yako, umewahi kushtakiwa, unawafahamu hawa watoto kiasi gani, unajua kwa nini wamechukuliwa. Hilo la mwisho sikulijua na nikasema silijui. Mzee wa Tandika, kama unasoma, hapo ndipo wengi wanapoharibu. Wanajibu "ni mambo madogo tu ya nyumbani, tutayamaliza kifamilia." Anayeuliza anaandika kwamba ndugu hawaoni hatari. Na kweli hawaoni, maana hawajaambiwa. Omba uambiwe. Muulize afisa ni kipi mahakama imewaruhusu kukueleza, na umwombe mwenye shauri mwenyewe akueleze kilichobaki. Dada alilia kwenye simu, kisha akanieleza. Sikumjibu neno mpaka alipomaliza.

Baada ya hapo inatakiwa tathmini kamili, na hapa ndipo mipaka inapoonekana. Nilidhani afisa atapanda ndege aje atuone. Wakati mwingine huja, lakini si wa kujiamulia tu. Kazi ya ustawi wa jamii katika nchi ya watu ina wenyewe, na wanatakiwa kwanza waulize kama sheria ya hapa inaruhusu. Nchi zilizojiunga na Mkataba wa The Hague wa 1996 kuhusu ulinzi wa watoto zina njia iliyonyooka: kila nchi ina mamlaka yake kuu, ofisi inaandikia ofisi. Uingereza imo tangu Novemba 2012. Morocco wamo, Lesotho wamo. Tanzania haimo. Kwa hiyo ombi letu lilipitia shirika linaloitwa Children and Families Across Borders, ambalo ni tawi la Uingereza la International Social Service. Hao makao yao ni Geneva, walianza mwaka 1924 wakishughulikia familia za wahamiaji, na wana washirika katika nchi nyingi. Wao humtafuta mtu wa ustawi wa nchi husika, humpelekea maswali ya mahakama, na humrudishia ripoti aliyeomba. Hawatoi uamuzi. Uamuzi ni wa hakimu.

Ombi likasafiri, likashuka, likafika kwa dada mmoja wa ustawi wa jamii. Alikuja na bodaboda asubuhi, begi mgongoni, akaamkia shikamoo mpaka mpangaji wetu mdogo akaitika marahaba kwa kuchanganyikiwa. Mke wangu alikuwa amebadilisha mapazia na amechinja kuku. Yule dada akaomba maji ya kunywa, akasema kuku atamsubiri, kwanza aone choo.

Aliona choo. Aliona atakapolala kila mtoto, akauliza kama mlango unafungwa kwa ndani au kwa nje. Aliona kisima cha jirani ambacho hakina mfuniko, akaandika. Kisha akasimama uani akaangalia vyumba vya wapangaji.

"Baba, hawa ni akina nani?"

"Watu wazuri tu. Huyu ana mitumba Mbagala Rangi Tatu, yule ni konda."

"Wako wangapi wanaume?"

"Watatu."

"Wanaoga wapi?"

Nikakunja uso. Hiyo ni nyumba yangu, nina leseni ya makazi, wapangaji wananilipa, sasa kosa ni nini? Akanieleza taratibu kwamba hakuna aliyesema kosa. Watoto waliotoka kwenye nyumba yenye hofu wanaletwa kwenye uwanja wenye wanaume wasiowafahamu, bafu moja, taa ya uani imeungua. Hakimu ataliuliza hilo, bora lijibiwe kabla. Tulizungumza na yule wa chumba cha karibu, akahamia upande wa barabarani, chumba chake kikawa cha watoto. Nikajenga bafu lingine. Taa niliiweka siku ile ile, fundi mzima kukaa bila taa ya uani ni aibu ya aina yake.

Halafu akauliza nani mwingine analala hapa. Tukasema mimi, mke wangu, binti yetu. Akatazama viatu mlangoni. Ndiyo, na mtoto wa kaka kutoka Kilwa, anasoma VETA Chang'ombe, huwa analala sebuleni. Kwetu huyo hata hahesabiwi, ni wa hapa tu. Kwao kila mtu mzima anayelala ndani ya nyumba lazima ajulikane na aangaliwe rekodi zake polisi. Kijana akaenda kuchukuliwa alama za vidole akiwa amekasirika kweli, wenzake wanamtania kwamba ameiba transfoma.

Karatasi nyingine ni zile zile mnazozijua: namba ya NIDA, vyeti vya kuzaliwa vya RITA vinavyoonyesha kwamba mimi na dada tumezaliwa na mama mmoja, barua ya serikali ya mtaa yenye muhuri, hati ya mshahara ya mke wangu. Mimi sina hati ya mshahara. Nikatoa leseni ya biashara, karatasi za kodi, na miamala ya M-Pesa ya miezi mingi. Dada wa ustawi akacheka: kila mwezi wa Ramadhani nyumba hii inatuma hela Lindi kama benki. Hakuna aliyetuuliza kama sisi ni matajiri. Waliuliza kama hela inayoingia inatosha watu watakaokula.

Tulipewa pia kazi ya kupima afya. Shemeji yangu akanishauri nisitaje presha. Nikaitaja, na dawa ninazokunywa, na tangu lini. Daktari akaandika kwamba imedhibitiwa. Kama ningeificha na ikaja kuonekana kwenye cheti, wangejiuliza nini kingine nimeficha.

Lakini mazungumzo mazito yalikuwa mawili.

La kwanza ni fimbo. "Mtoto akikosea mnafanyaje?" Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Shuleni kwake fimbo ipo, kanuni za nchi zinairuhusu kwa masharti yake, na Sheria yetu ya Mtoto ya 2009 inakataza mateso ila inaacha nafasi ya adhabu ya kiasi. Nilimwangalia, nikajua anapima maneno. Angeweza kusema "hatuchapi," na dada wa ustawi, ambaye naye amekulia Dar, asingeamini. Akasema: "Nimechapwa, nimechapa, binti yangu nilimchapa mara chache akiwa mdogo. Hawa sitawachapa." Akaulizwa kwa nini hawa ni tofauti. Akasema hawa wamemwona mtu mzima akiinua mkono kwa hasira, na hawezi kuwafundisha kwa mkono ule ule. Kisha akaulizwa atafanya nini siku ambayo mtoto amemtukana mbele ya wageni, na hapo ilibidi afikiri kweli. Walikaa kwenye swali hilo muda mrefu kuliko kwenye choo, mapato na polisi kwa pamoja. Ripoti iliandika yote, pamoja na kwamba alichapa zamani. Nilidhani tumekwisha. Baadaye niliambiwa ukurasa huo ndio uliotusaidia.

La pili lilikuwa langu. "Dada yako akija mlangoni usiku, amekuja na yule mwanaume, anataka kuwaona watoto wake. Utafanya nini?"

Jibu la haraka lilikuwepo: hawezi kuja usiku, nauli ya ndege yenyewe ni kubwa. Hakucheka. Akanibadilishia: akipiga simu usiku, analia, anataka kuongea na watoto, na mahakama imesema mara moja kwa wiki mbele yako? Jamani. Huyu ni dada yangu wa tumbo moja. Nilimbeba mgongoni tukivuka maji ya mvua kwenda shule. Nikakaa kimya, mke wangu akataka kunijibia, akaambiwa aniache. Mwishoni nikasema nitamjibu mimi dada yangu, watoto hawataamshwa, na asubuhi nitamwambia afisa kwamba alipiga. Akaniuliza kama nitaweza kweli kumsema dada yangu kwa mgeni. Nikamwambia sijui kama nitaweza bila kuumia, ila nitafanya. Akaandika maneno yale yale, na maumivu yake.

Nikimsikia mtu anasema tathmini hizi ni za kizungu, kwamba hazijui undugu wetu, nakubali nusu. Kweli maswali mengi yametungwa kwa watu wanaoishi baba, mama na watoto wawili. Hawana sehemu ya kuandika kwamba mtaa mzima utawalea, na mimi nilitamani waiandike, kwa sababu ni kweli. Nusu nyingine siikubali. Undugu wetu ndio uliomfanya dada akae kimya, ndio ungetufanya tumfungulie mlango usiku. Mtu wa nje aliyelipwa kuuliza aliuliza ambacho mjomba yeyote hawezi kujiuliza.

Muda ukaongezwa, ripoti ikafika. Ya hakimu siyasemi. Watoto wako Mbagala sasa, hilo halifichiki, wakigombana kwa Kiingereza mtaa unasimama kusikiliza.

Mkidhani hapo ndio mwisho, bado. Mtoto aliye chini ya halmashauri ya kule hawezi kupelekwa kuishi nje ya England na Wales bila mahakama kuidhinisha, na mahakama hutaka kuona kwamba ni kwa manufaa yake, kwamba mapokezi na matunzo yameandaliwa, kwamba mtoto mwenye umri wa kuelewa ameridhia, na wazazi pia, isipokuwa sheria iruhusu kuendelea bila wao. Dada aliridhia, kwa maandishi. Halafu amri ya kule haina nguvu ya moja kwa moja hapa, kwa kuwa hatumo kwenye ule mkataba. Inabidi mwanasheria aombe amri inayofanana nayo kwenye mahakama zetu. Sisi tulikwenda Kituo Jumuishi cha masuala ya familia pale Temeke. Usiliache hili eti kwa sababu watoto wameshafika. Siku akitokea mtu akasema ni wake, utaonyesha karatasi gani kwa polisi wa hapa? Na uraia: mtoto aliyezaliwa na uraia wa nchi mbili anaruhusiwa na sheria yetu kuwa nao wote mpaka afikishe miaka 18, halafu achague. Tuna muda, lakini mkubwa ameshaanza kuuliza.

Hela? Mtaa mzima unaamini tunalipwa pauni. Konda wangu aliomba mkopo wiki ya kwanza. Msaada wa fedha wa kule ni jambo la kuombwa na kukubaliwa na halmashauri yenyewe, si haki inayosafiri na begi la mtoto. Muulize mwanasheria kabla ya amri kutoka, si baada.

Na mzee wangu wa Tandika: mpigie binti yako leo. Usimgombeze. Mwambie ampe mwanasheria wake jina lako, simu yako, na jina la kila ndugu anayeweza, hata wa Dodoma, hata ambaye mnanuniana. Wakikukataa kwenye tathmini ya awali, omba sababu kwa maandishi. Inawezekana kupinga, lakini siku zinahesabiwa.

Dada wa ustawi bado anakuja kuangalia wanavyoendelea, ripoti inarudi kule kule. Mara ya mwisho aliongea na watoto peke yao uani, sisi tukafukuzwa ndani. Alitusomea baadaye sehemu aliyoruhusiwa: mdogo analalamika kwamba maharage ni mengi mno nyumba hii, na mkubwa anasema mjomba anakoroma mpaka chumba cha pili kinasikia. Mke wangu akataka kujua kama kukoroma kumeandikwa rasmi. Kumeandikwa.